Ukiugua leo, nani atakulipa siku yako?

Saa 11 alfajiri mtoto anaamka na joto kali. Usiku ametapika mara mbili. Unajua kinachotakiwa: umpeleke zahanati apimwe malaria mapema. Lakini unga wa maandazi umeshaumuka, wateja wako ni madereva na makondakta wanaopita kabla ya saa 1 asubuhi, na usipouza leo hakuna fedha ya kununua unga wa kesho. Basi unampa dawa ya homa iliyobaki kwenye kabati, unamwacha na dada yake wa miaka 12 na kujisemea: "Nikirudi saa 5 sijamkuta na nafuu, tutakwenda."

Mama wa namna hii akifika hospitali jioni, mtoto ameshalegea, hupokewa kwa maneno makali. "Ulikuwa wapi siku nzima?" Wengi humwona mzembe. Ukikaa naye ukamsikiliza utagundua kwamba alipiga hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa ngumu.

Katika vituo vya umma, mtoto wa chini ya miaka 5 yumo kwenye kundi la msamaha wa kuchangia matibabu. Kwa hiyo mara nyingi kilichomchelewesha mama huyu hakikuwa bei ya kipimo. Ilikuwa siku ya kazi ambayo hakuna mtu angemlipa.

Wiki hii tuzungumzie jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wanasheria na wachumi, ilhali linaamua nani anafika hospitali mapema na nani anachelewa. Jambo hilo ni hifadhi ya jamii kwa wanaofanya kazi bila mwajiri anayeeleweka: mama lishe, mwendesha bodaboda, kibarua wa ujenzi, fundi wa mtaani, dada wa kazi na kijana anayesambaza mizigo kwa kutumia programu ya simu.

Ugonjwa mmoja, bili mbili

Kila ugonjwa huja na bili mbili. Ya kwanza unaipewa dirishani: kumwona daktari, vipimo, dawa, kitanda. Ya pili haiandikwi popote. Ni kipato unachopoteza wewe unapougua au unapomuuguza mtoto, pamoja na nauli, chakula cha wodini na deni linaloendelea kukua nyumbani.

Tunapozungumzia bima ya afya, tunazungumzia bili ya kwanza. Bili ya pili ndiyo inayowafanya watu wakatishe dozi, watoroke wodini au waombe ruhusa kabla hawajapona.

Kifua kikuu ni mfano mzuri. Hapa nchini vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa duniani takriban nusu ya kaya zenye mgonjwa wa kifua kikuu hukumbwa na gharama za kuangamiza, yaani zinazozidi asilimia 20 ya kipato cha kaya kwa mwaka. Dawa ni bure, lakini matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na wiki za mwanzo mgonjwa hana nguvu za kubeba zege wala kusukuma mkokoteni. Akijisikia nafuu kidogo anarudi kazini na kuanza kuruka siku za dawa. Hapo ndipo usugu unapoanzia, na hatari inawafikia hata majirani zake.

Shinikizo la damu na kisukari nayo yana bili ya pili. Mgonjwa anatakiwa kuhudhuria kliniki mara kwa mara, na kila kliniki inakula nusu siku au siku nzima. Kwa anayelipwa mshahara, siku hiyo imeshalipwa. Kwa anayeuza mboga, ni siku ya hasara. Akiruka kliniki tatu mfululizo hasikii maumivu yoyote, kwa sababu shinikizo la damu huwa halipigi hodi. Siku likijitokeza huja kama kiharusi.

Kwa mtoto mwenye homa, saa zina thamani kubwa zaidi. Malaria inatakiwa kupimwa na kuanza kutibiwa ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, akilegea mno au ukashindwa kumwamsha, hapo acha hesabu zote. Hizo ni dalili za hatari na anatakiwa kupelekwa hospitali papo hapo.

Haki zilizofungwa kwenye ajira

Bima ya ugonjwa ya lazima ilianzia Ujerumani mwaka 1883, enzi za Kansela Otto von Bismarck. Ilimlenga mfanyakazi wa kiwandani, aliyekuwa na mwajiri mmoja, mshahara unaojulikana na kazi ya kila siku. Mchango ulikatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia. Utaratibu huo wa kukata kwenye mshahara ukaenea duniani, na ndio tulioujenga hapa kwetu: Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulioanza kazi mwaka 2001, NSSF kwa sekta binafsi, PSSSF kwa watumishi wa umma na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulioanza mwaka 2015.

Ukiwa ndani ya utaratibu huo, ugonjwa haukuondolei chakula mezani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania Bara siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi alete cheti cha daktari. Mama anayejifungua ana siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini ana haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2025 yaliwaongezea muda akina mama wanaojifungua watoto njiti. Baba ana siku 3 za kuwa na mtoto aliyezaliwa. Mzazi ana angalau siku 4 za malipo katika mzunguko wa likizo endapo mtoto wake ataugua au kufariki.

Akiumia kazini, WCF inagharamia matibabu na kumlipa sehemu ya kipato chake anapokuwa hawezi kufanya kazi. Mchango wa mfuko huo hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hatakiwi kukatwa hata shilingi.

Sasa soma tena orodha hiyo ukiwa mama lishe. Siku 84 za uzazi: nani atakulipa? Saa 2 za kunyonyesha: utamwomba nani ruhusa? Ndiyo maana wako wanaorudi jikoni wiki ya tatu baada ya kujifungua, mtoto mgongoni au kaachwa kwa jirani. Tunawaambia wamnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Ushauri ni sahihi kabisa, lakini unahitaji mama aliye karibu na mtoto, na mama yuko sokoni.

Soma tena ukiwa mwendesha bodaboda. Pikipiki ni ya bosi na kila jioni unapeleka hesabu, au uko kwenye mkataba ili baada ya mwaka na kitu iwe yako. Ukivunjika mguu, bima ndogo ya pikipiki imewekwa kwa ajili ya mtu wa tatu, yule uliyemgonga. Wewe dereva haikuhusu. Bosi atasema hakukuajiri, alikukodisha. Mguu umewekewa vyuma na miezi ya kutembea na magongo inahesabika, huku mkataba wa pikipiki ukiendelea kudai.

Hata mwenye ajira anaweza kujikuta nje. Kwa kawaida, anayefanya kazi kwa chini ya miezi 6 hapati likizo hizi za malipo. Kibarua anayeitwa leo na kuachwa kesho, au kijana anayepewa mikataba mifupi mifupi, anaweza kuzunguka miaka mitatu bila kuifikia haki hiyo.

Kazi imebadilika, kinga imebaki nyuma

Barani Afrika zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya 10 wako kwenye shughuli zisizo rasmi. Hao ndio wengi, na mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi ndiye mchache. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitangaza kuwa mwaka 2023, kwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya watu duniani (asilimia 52.4) walikuwa na angalau aina moja ya kinga ya jamii. Kwa Afrika walikuwa chini ya mtu mmoja kati ya watano.

Na kazi zenyewe zinaendelea kubadilika. Kampuni za usafiri na usambazaji kwa programu za simu zimeleta kazi ambayo ina bosi asiyeonekana. Programu inapanga nauli, inachukua kamisheni, inakupa nyota na inaweza kukufungia akaunti. Ukianguka ukiwa na mzigo wa mteja, unaambiwa wewe ni mshirika aliyejiajiri. Mzazi mwenye kijana kwenye kazi hii amuulize swali moja tu leo usiku: "Ukipata ajali ukiwa kwenye safari ya programu, nani analipa?" Wengi watakuwa hawajawahi kusoma masharti waliyoyakubali kwa kubonyeza kitufe.

Bima ya afya kwa wote inagusa wapi?

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Msingi wake ni kwamba kila mkazi wa Tanzania Bara awe ndani ya bima, awe na mwajiri au asiwe naye, na wasio na uwezo wagharamiwe na Serikali. Zanzibar ina sheria na mifuko yake.

Kwa mtumishi wa umma mambo ni rahisi: hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3. Aliyejiajiri hana wa kumwongezea. Kwake kimetangazwa kiwango cha Sh150,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita, kwa huduma za kifurushi cha msingi.

Sh150,000 kwa mkupuo ni fedha nyingi kwa mtu anayepata na kutumia siku hiyo hiyo. Lakini hebu tuigawe. Kwa watu sita ni Sh25,000 kwa kila mmoja kwa mwaka. Ukidunduliza Sh500 kila siku unayofanya kazi, siku 300 zinatosha kuifikisha, na zinabaki siku 65 za sikukuu, mvua, misiba na kuumwa. Kwa wengine Sh500 ni soda. Kwa wengine ni nauli ya mtoto kwenda shule. Sitajifanya kwamba hesabu hii ni nyepesi kwa kila nyumba. Ninachosema ni kwamba hukwama zaidi kwenye mkupuo kuliko kwenye kiasi, na mkupuo unaweza kuvunjwa.

Hapa wazazi wengi watakumbuka Toto Afya Kadi. Kwa Sh50,400 kwa mwaka ulimkatia bima mtoto mmoja. Mwaka 2023 NHIF ilisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na wazazi wengi walilia. Mfuko ulieleza kuwa mzigo ulikuwa mkubwa kuliko michango. Sababu yake si ngumu kuiona. Mzazi mwenye watoto wanne alikuwa akimwandikisha yule mmoja mwenye maradhi ya moyo au selimundu, na watatu wazima anawaacha. Mzazi alifanya jambo la busara kwa familia yake, lakini chungu ambacho kila mtu anachota na wachache wanajaza hukauka. Ndiyo maana sasa bima inaelekezwa kwa kaya nzima, na ndiyo maana kumwandikisha mtu baada ya ugonjwa kubisha hodi hakuwezi kuwa utaratibu wa kudumu.

Bado, tuseme ukweli wote. Kadi ya bima inalipa bili ya kwanza. Haikulipi siku zako. Mama wa maandazi akiwa na kadi atapunguziwa hofu ya dawa kuisha zahanati na kuambiwa akanunue nje, lakini saa 11 alfajiri unga wake bado umeumuka. Tukiishia kwenye bima ya matibabu, tutakuwa tumejenga nusu ya nyumba.

Huenda mwajiri ni wewe

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana dada wa kazi, shamba boi au mlinzi. Tunazungumza kuhusu waajiri wanaokwepa wajibu kana kwamba wote wako viwandani, ilhali wengine tunakula nao meza moja.

Mfanyakazi wa nyumbani ni mwajiriwa kwa mujibu wa Sheria ya Ajira. Akishafanya kazi kwako miezi 6, likizo ya ugonjwa na ya uzazi inamhusu kama inavyomhusu karani wa benki. Katika nyumba nyingi, dada akiugua wiki moja anapewa nauli ya kurudi kwao. Akipata ujauzito ndiyo kabisa.

Jambo hili linamhusu pia mtoto wako. Dada anayekohoa wiki tatu lakini anaogopa kusema asije akafukuzwa, ndiye anayemlisha, kumwogesha na kulala naye chumba kimoja. Ukimhakikishia kwamba akiugua atatibiwa na hatapoteza kazi, atasema mapema. Mpe mkataba wa maandishi, hata ukurasa mmoja. Hakikisha yumo kwenye bima. Msajili NSSF. Akikatika kidole na kisu jikoni kwako, ameumia kazini.

Majirani wamejaribu nini?

Rwanda imekuwa na bima ya jamii ya mutuelle tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na zaidi ya asilimia 80 ya wananchi wamo. Iliwezekana kwa sababu mbili kubwa: kiwango cha mchango kilitofautiana kulingana na hali ya kaya, na Serikali iliwalipia walio maskini zaidi. Vikundi vya vijijini vya kuweka akiba, vinavyoitwa ibimina, vilisaidia wanachama kudunduliza mchango kabla mwaka haujaanza.

Kenya ilianza mfumo mpya Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupangiwa mchango kwa kukadiria hali ya kaya yake, usiopungua Sh300 za Kenya kwa mwezi, lakini alitakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Hapo ndipo wengi walipokwama, hadi Serikali ilipoleta mkopo wa kulipa polepole mwaka 2025. Somo kwetu liko wazi: anayepata fedha kwa siku atashindwa kulipa kwa mwaka, hata kama anataka.

Kuhusu kazi za programu za simu, Singapore imetunga sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2025. Kampuni inatakiwa kumkatia dereva na msambazaji bima ya kuumia kazini kwa kiwango kile kile cha mwajiriwa wa kawaida. Hawakupoteza muda kubishana kama kijana ni mwajiriwa au la. Walisema: anayechuma kwenye safari hiyo achangie usalama wake. Nasi tuna WCF na tuna kampuni hizo. Kinachokosekana ni kamba ya kuwaunganisha.

Ufanye nini kuanzia wiki hii?

Sheria hazitabadilika kesho asubuhi, lakini kuna mambo yako mikononi mwako.

Kwanza, andaa vitambulisho kabla ya ugonjwa. Namba ya NIDA yako na ya mwenza wako, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Familia nyingi hukwama kwenye usajili kwa sababu mtoto wa miaka 4 hana cheti cha kuzaliwa.

Pili, jisajili ukiwa mzima, na usajili kaya nzima. Kama mnatarajia kupata mtoto, fanyeni hivyo kabla ya ujauzito. Uliza maswali matatu kabla ya kulipa: kadi inaanza kufanya kazi lini, inakubaliwa vituo gani, na huduma gani hazimo. Mwenye mgonjwa wa figo, saratani au selimundu aulize kwa jina la ugonjwa wenyewe, asiridhike na jibu la jumla.

Tatu, tenga fedha ya bima mbali na mtaji. Kopo la nyumbani hufunguliwa. Weka kwenye akaunti ya simu ambayo hutumii kwa biashara, au kwenye kikundi.

Nne, kijiwe chenu kiwe na mfuko wa ugonjwa. Vikundi vya VICOBA vingi vina mfuko wa jamii wa kusaidiana kwenye misiba. Ongezeni kipengele cha ugonjwa: mwanachama akilazwa, au mtoto wake akilazwa, apewe kiasi fulani cha kula nyumbani kwa siku hizo. Watanzania tuna mkono mwepesi kwenye mazishi. Tukichanga mgonjwa akiwa hai, mazishi mengine yataahirishwa. Lakini msijidanganye kwamba mfuko wa watu 20 utabeba mguu wenye vyuma. Huo ni wa chakula na nauli. Matibabu makubwa yanahitaji bima.

Tano, kama umejiajiri, fika NSSF uulize mpango wa sekta isiyo rasmi. Michango inaweza kulipwa kwa siku, wiki, mwezi au msimu, kulingana na kipato chako. Pensheni inaonekana jambo la mbali ukiwa na miaka 30, lakini mzee mwenye kisukari asiye na kipato huwa mzigo wa mtoto wake, na mtoto huyo ndiye unayemlea sasa.

Sita, ukiumia kazini na una mwajiri, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Tunza karatasi zote za hospitali. Mwambie daktari aandike kwamba umeumia kazini. Wengi hupoteza fidia kwa sababu faili linasomeka "ameanguka" tu.

Saba, mweleze daktari au muuguzi hali ya kazi yako. Usione haya. Ukisema, "Siwezi kuja kila wiki, nauza sokoni," mara nyingine inawezekana kupewa dawa za muda mrefu zaidi au kupangiwa kliniki ya siku nyingine. Usiposema, tunaona tu kwamba umepotea.

Tunachopaswa kudai

Nasi wahudumu wa afya tuna la kufanya. Kliniki inayoita wagonjwa 80 wote saa 1 asubuhi na kumaliza saa 8 mchana inawatoza wote siku ya kazi. Kuwapangia saa, au kufungua kliniki jioni mara moja kwa wiki karibu na soko, ni matibabu kama yalivyo matibabu mengine.

Kwa wabunge na madiwani, ombi ni mambo matatu. Mchango wa bima uweze kulipwa kidogo kidogo kwa simu bila adhabu. Fidia ya kuumia kazini ifike kwa wanaobeba abiria na mizigo kwa ajili ya wengine, hata kama hawaitwi waajiriwa. Na pawepo fao dogo la uzazi kwa mama aliyejiajiri, walau la wiki chache za kwanza, ili asilazimike kuchagua kati ya kunyonyesha na kuuza. Mgombea akija kuomba kura, mwulize hayo kabla hujapokea kofia na fulana.

Na wewe mama wa alfajiri, ushauri wangu wa leo ni huu. Tafuta sasa, kabla homa haijaja, mwenzako mmoja unayemwamini pale kibarazani. Mkubaliane kwamba siku mtoto wako akiamka na joto, yeye atakuuzia maandazi yako nawe utampeleka mtoto zahanati. Na siku ya mwanawe, wewe utauza vitumbua vyake. Hakuna fomu ya kujaza wala mchango wa kulipa. Fanyeni hivyo wakati tukiendelea kuidai hifadhi yenyewe, kwa sababu malaria haitasubiri mpaka saa 5.